Gumbo na Kamera Isiyoinuliwa

Abiria anayetoka Juba mjini kwenda Gumbo huonywa jambo moja kabla gari halijapanda daraja: shusha simu. Daraja la Juba, lile la chuma lililowekwa juu ya Nile miaka ya 1970, kwa miongo kadhaa lilikuwa ndiyo njia pekee ya magari kuvuka mto mjini hapo. Hadi leo limo katika orodha ya vitu visivyopigwa picha, pamoja na uwanja wa ndege, kambi za jeshi na majengo ya serikali. Anayeinua simu usawa wa uso anaonekana na askari aliyesimama mwisho wa daraja. Kwa umbali ule askari haioni lenzi. Anauona mkono.

Gumbo iko ng'ambo ya mashariki, mwanzo wa barabara ya kilomita 192 iendayo Nimule, kwenye mpaka wa Uganda. Lami yake ilikamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, na sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa Juba hupita hapa, juu ya malori yanayotoka Kampala na bandari ya Mombasa. Ndiyo maana Kiswahili kinasikika Gumbo na Sherikat, jirani yake. Madereva na wachuuzi wamekileta, na wamekileta pia Wasudan Kusini waliokulia kambini Kakuma nchini Kenya au kaskazini mwa Uganda, miaka mingi kabla nchi yao haijajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Kuna neno moja ambalo lugha mbili za barabara hii zinaligombania. Katika Kiarabu cha Juba, sura ni picha. Katika Kiswahili, sura ni uso wa mtu. Chimbuko ni moja, Kiarabu, kisha neno likagawanyika njia mbili. Dereva wa Mombasa anayeonywa kuhusu sura pale darajani anaweza kudhani ameambiwa afiche uso, na kwa historia ya ukingo huu wa mto hangekuwa amekosea sana.

Miwani janja yenye kamera haina mkono wa kuinua. Kwa mbali ni miwani ya jua kama nyingine yoyote. Kwa karibu, kwenye pembe ya fremu kuna tundu dogo la lenzi, na pembe ya pili kuna kitaa cheupe kinachowaka mvaaji anaporekodi. Mvaaji anabonyeza kitufe juu ya mkono wa miwani, au anatoa amri kwa sauti, na mikono yake inabaki mapajani. Askari aliyezoea kuchunga mikono ameachiwa kitaa tu. Jinsi ishara ya kamera ilivyopungua hadi kufikia kitaa hicho ni safari ya zaidi ya miaka 160, na vituo vyake kadhaa viko kando ya mto huu.

Safari ilianzia Zanzibar. Mwaka 1860 James Augustus Grant, ofisa wa jeshi la Uingereza nchini India, alishuka Unguja pamoja na John Hanning Speke wakijiandaa kwenda kutafuta chanzo cha Nile. Grant alikuwa na kamera, na baadhi ya picha zake za mji, soko la watumwa likiwemo, ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa zinazojulikana kupigwa Zanzibar. Upigaji picha wa wakati ule ulikuwa kazi ya sulubu: mabamba ya kioo, chupa za dawa, hema la giza lililochemka kwa jua. Walipoingia bara Grant aliiacha kazi hiyo akashika penseli. Februari 1863 wasafiri hao walipofika Gondokoro, ukingo wa mashariki wa Nile, mwendo mfupi tu kutoka Gumbo ya leo, wakakutana na Samuel Baker aliyekuwa akija kutoka Khartoum, walikuwa na michoro. Kamera iliyoanzia Zanzibar haikuwa imefika.

Ilikuja kutoka upande wa pili, kwa kuupanda mto kutoka kaskazini. Richard Buchta, Mwaustria aliyekuwa amefika Khartoum, alipanda Nile mwaka 1878 hadi Lado, makao makuu ya jimbo la Equatoria chini ya gavana Emin Pasha, ukingo wa magharibi, kaskazini kidogo ya mahali ilipo Juba. Kutoka hapo aliendelea hadi Uganda. Mwaka 1881 alichapisha Berlin albamu ya picha 160 kuhusu nchi za Nile ya juu, na ndani yake wamo Wabari, wenyeji wa eneo hili ambalo Gumbo imo. Waandishi wa safari waliomfuata walizichukua picha zake, mafundi wa Ulaya wakazichonga upya kwa ajili ya vitabu vyao, na kwa miaka mingi msomaji wa London au Vienna aliyetaka kumwona Mbari alimwona kupitia jicho la Buchta.

Kamera ya Buchta haikuweza kumvizia mtu. Ilisimama kwa miguu mitatu. Mpigaji aliingia chini ya kitambaa cheusi, akatoka, akapachika bamba, akafunua lenzi, na muda wote huo anayepigwa alitakiwa asitikisike. Kila mtu kijijini alijua kinachofanyika na kinafanywa kwa nani. Lakini kujua hakukuwa sawa na kukubali. Jimbo lilikuwa chini ya bunduki za Misri, misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa ilikuwa bado haijasahaulika, na mtu aliyeambiwa asimame mbele ya sanduku la mzungu hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Ishara ilikuwepo, kubwa kama mbuzi. Uwezo wa kusema hapana haukuwepo.

Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza Kodak, kamera ya sanduku iliyoshikwa mkononi na kutumia filamu ya kuviringishwa. Miguu mitatu ikaondoka. Kitambaa cheusi kikaondoka. Miaka 22 baadaye kamera ya namna hiyo nyepesi ilipita katika njia ambayo leo ni barabara ya Gumbo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani kama rais wa Marekani, aliteremka Mombasa Aprili 1909 na msafara wa kuwinda uliodhaminiwa na makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Mpiga picha rasmi wa msafara alikuwa mwanawe Kermit. Februari 1910, baada ya kuwinda vifaru weupe katika eneo la Lado, walitembea kwa miguu kutoka Nimule hadi Gondokoro, wakapanda meli kwenda Khartoum. Wakati huo mto ulikuwa mpaka wa dola: ukingo wa magharibi ulikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji na warithi wake hadi mwaka huo huo, na ukingo wa mashariki, Gumbo ikiwa ndani yake, ulihesabiwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1914. Wapagazi wa msafara walipigwa picha wakitembea, wakipika, wakipumzika. Sasa katika njia hii mtu aliweza kupigwa picha bila kusimamishwa. Bado alimwona mpigaji akiinua sanduku.

Huku pwani watu walikuwa wameanza kuitawala kamera kwa namna yao. Zanzibar, Mombasa na Lamu zilipata studio, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, duka ambalo jina lake linajulikana na Wazanzibari wa vizazi vitatu. Studio ilikuwa na adabu zake. Mteja aliingia kwa miguu yake, akachagua kanzu au suti, akachagua pazia la nyuma, akakaa namna anavyotaka kukumbukwa, akalipa, akaondoka na picha yake. Mpangilio ule ulimpa anayepigwa kitu ambacho watu wa Lado hawakupewa: picha ilikuwa mali yake. Kusini mwa Sudan, ambako utawala wa kikoloni ulifunga milango kwa wafanyabiashara wengi wa kutoka nje, na baadaye vita vikala miaka 17 kuanzia 1955 na mingine 22 kuanzia 1983, picha ya aina hiyo ilichelewa. Waliopiga picha kwa wingi walikuwa wamisionari, maofisa, wataalamu wa mila na, vita vilipokolea, waandishi wa habari.

Picha iliyoitangaza nchi hiyo kuliko nyingine zote ilipigwa Machi 1993 huko Ayod, jimbo la Jonglei. Mpiga picha Kevin Carter wa Afrika Kusini alimkuta mtoto ameinama chini kwa njaa, nyuma yake tai ametua. Gazeti la New York Times liliichapa mwezi huo huo, na mwaka 1994 ikashinda tuzo ya Pulitzer. Dunia iligombana kwa miaka kuhusu mpiga picha: kwa nini hakumbeba mtoto? Kuhusu mtoto mwenyewe haikuuliza sana. Kwa miaka mingi watu walimtaja kama msichana, wengi wakiamini alikufa pale pale. Mwaka 2011 mwandishi wa gazeti la Kihispania alifika Ayod, akaipata familia, akaambiwa alikuwa mvulana, aliipona njaa ile, akafa miaka mingi baadaye kwa homa. Sura yake ilikuwa imezunguka dunia nzima kwa miaka 18 bila jina na bila hata jinsia yake sahihi.

Kisha kamera ikaenda mbinguni. Tarehe 29 Desemba 2010, siku chache kabla ya kura ya maoni ya Januari 2011 iliyozaa Sudan Kusini, mwigizaji George Clooney na wenzake walizindua mradi wa kutumia setilaiti kuangalia mienendo ya majeshi kati ya kaskazini na kusini. Nia ilikuwa njema na picha zilisaidia kuonyesha vijiji vilivyochomwa. Miaka saba baadaye, Desemba 2017, serikali ya Juba nayo ilizindua ndege zisizo na rubani na kamera za mitaani ikisema ni za kupambana na uhalifu. Mkazi wa Gumbo aliyekuwa akianika nguo uani sasa angeweza kuwa pichani bila kuona mpigaji, bila kusikia sauti, bila kujua siku wala saa.

Ardhini, wakati huo huo, aliyeshika kamera ya kawaida ndiye aliyekuwa hatarini. Tarehe 26 Agosti 2017 mwandishi wa kujitegemea Christopher Allen aliuawa kwa risasi huko Kaya, karibu na mpaka wa Uganda, akiwa anapiga picha za mapigano. Januari 2023 waandishi sita wa shirika la utangazaji la taifa, SSBC, walikamatwa kwa kushukiwa kuhusika na kusambaa kwa video ya Rais Salva Kiir katika hafla ya uzinduzi wa barabara. Mtu akikutwa anapiga picha mitaani Juba bila kibali anaweza kunyang'anywa simu au kupelekwa kituoni. Kanuni zote hizi zinafanana kwa jambo moja: zinalinda daraja, jengo na mkubwa. Mama muuza mboga wa Gumbo anayepigwa picha na mgeni hazimtaji.

Ndani ya historia hiyo ndipo miwani inapoingia, na yenyewe ina miaka zaidi ya arobaini.

Fundi wa kwanza kuivalia njuga alikuwa Steve Mann wa Canada. Tangu miaka ya 1980, akiwa bado kijana, alikuwa akijifunga kompyuta, antena na kamera mwilini, mzigo uliomfanya aonekane kama mtu aliyetoka kwenye filamu. Katikati ya miaka ya 1990, akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, alirusha mtandaoni alichokuwa akikiona, karibu mfululizo. Kwa Mann kamera ya usoni ilikuwa silaha ya mnyonge. Maduka, benki na serikali zinawaangalia watu kutoka juu, alisema, basi watu nao waziangalie kutoka chini. Mwaka 2012 alidai kwamba wafanyakazi wa mgahawa mmoja jijini Paris walijaribu kumvua miwani aliyoifunga kichwani kiasi kwamba haitoki bila vifaa. Hakuna aliyemdhania Mann kuwa havai kamera. Vifaa vyake vilikuwa vinapiga kelele kwa niaba yake.

Mwaka huo huo Google ilitangaza Glass. Juni 2012, katika mkutano wake wa San Francisco, warukaji wa miamvuli walishuka kutoka angani wakirusha moja kwa moja walichokiona. Mwaka uliofuata kifaa kikauzwa kwa wateja wa mwanzo kwa dola 1,500: fremu nyembamba ya titani isiyo na vioo, kipande cha kioo cha pembe juu ya jicho la kulia kinachoakisi skrini ndogo, na kamera ya megapikseli 5 pembeni yake. Haikuwekewa taa ya kuwaambia wengine kwamba inarekodi. Aliyekuwa mbele alitakiwa aangalie kama kile kioo kimewaka. Desemba 2013 Google iliongeza uwezo wa kupiga picha kwa kukonyeza jicho. Mtu aliyezaliwa Afrika Mashariki anajua kukonyeza kuna maana yake. Wamarekani nao hawakupenda. Baa moja ya Seattle ilikuwa imeshaipiga marufuku hata kabla haijaanza kuuzwa, na wavaaji wakabandikwa jina la matusi. Januari 2015 uuzaji kwa watu wa kawaida ukasimamishwa. Glass iliendelea viwandani na maghalani, kwa mafundi waliohitaji mikono yao, hadi ilipozikwa kabisa Machi 2023.

Waliokuja baada yake walisoma kaburi lile. Kampuni ya Snap, mwishoni mwa 2016, iliuza miwani yake kwa dola 129.99 kupitia mashine za rangi ya njano zilizotokea ghafla mitaani. Wabunifu wake waliamua kutoificha kamera hata kidogo. Waliizungushia duara la njano, na mvaaji aliporekodi taa ndogo zilizunguka kama mdoli wa mtoto. Ilikuwa miwani ya mchezo na ilijitangaza hivyo. Watu waliipangia foleni, kisha wakaisahau kabatini. Mwaka 2017 Snap ilikiri hasara ya takriban dola milioni 40, sehemu kubwa ikiwa ni miwani isiyouzika.

Facebook, ambayo baadaye ilijiita Meta, ikachagua njia ya tatu, nayo ndiyo iliyoshinda. Badala ya kuomba watu wavae kitu kipya, ilikwenda kwa EssilorLuxottica, kampuni inayomiliki Ray-Ban, ikachukua umbo la Wayfarer, fremu iliyobuniwa mwaka 1952 na kuvaliwa na watu wa kila aina. Septemba 2021 zikatoka Ray-Ban Stories kwa dola 299, kamera mbili za megapikseli 5 zimejificha kwenye pembe. Kazi ya wahandisi ilikuwa kupunguza: spika ndani ya mikono ya miwani ili masikio yabaki wazi, betri nyembamba, chaji inayobebwa kwenye kasha. Toleo la pili, Ray-Ban Meta la mwaka 2023, lilibeba kamera ya megapikseli 12 na maikrofoni tano, likabaki chini ya gramu 50. Kufikia mwanzoni mwa 2025 milioni mbili zilikuwa zimeuzwa. Glass ilishindwa kwa kuonekana. Hii ilifaulu kwa kutoonekana.

Hapo ndipo kitaa kikawa mada ya serikali. Septemba 2021, siku chache baada ya Stories kuingia sokoni, tume ya kulinda data ya Ireland ilitoa tamko. Ilisema simu na kamera humwonyesha anayepigwa kwamba anapigwa, kwa sababu huinuliwa. Miwani haina hilo ila taa ndogo mno, na kampuni haikuwa imethibitisha kwamba taa hiyo inatosha. Mamlaka ya Italia ilikuwa na wasiwasi huo huo. Kwa maneno mengine, watu wa Dublin walifikia hoja ambayo askari wa Daraja la Juba huitumia kila siku bila kuiandika. Meta ilijibu kwa ubunifu: katika toleo la 2023 kitaa kilikuzwa, kikafanywa kipwitepwite wakati wa kurekodi, na miwani ikakataa kupiga picha kama kitaa kimefunikwa. Ishara ilirudishwa, kwa kipimo cha punje ya mtama.

Mafundi wa mitaani nao hawakulala. Mwaka 2025 iliripotiwa Marekani kwamba fundi mmoja anazima kitaa hicho kwa malipo ya dola 60, kamera ikibaki nzima. Mwaka mmoja kabla, wanafunzi wawili wa Harvard walikuwa wameonyesha hatua inayofuata. Waliunganisha miwani hiyo na programu ya kutafuta nyuso iliyopo mtandaoni, wakasimama kituoni, wakawaita watu wasiowajua kwa majina yao. Hawakuitoa programu yao kwa umma, walisema walitaka kuonya. Lakini vipande vyote walivyotumia vilikuwa tayari vinapatikana kwa yeyote.

Kutoka Gumbo hadi kwenye vipande hivyo si mbali kama inavyodhaniwa. Ukiifuata barabara ya lori kusini, ukavuka Nimule, mji mkubwa unaokutana nao ni Gulu. Huko kampuni ya Sama, yenye makao pia Nairobi, imewaajiri vijana kukaa mbele ya kompyuta na kuchora mistari kuzunguka vitu vilivyo pichani: hili gari, huyu mtu, ile alama ya barabarani. Mashine inayodai kutambua dunia imefundishwa hivyo, picha kwa picha, na macho ya watu wa kulipwa. Meta nayo imesema wazi kwamba picha ambazo mvaaji anazipeleka kwa msaidizi wake wa akili unde zinaweza kutumika kumfundisha msaidizi huyo. Aliyesimama mbele ya mvaaji hakuulizwa.

Sheria za majirani zimeanza kumtaja huyo aliyesimama mbele. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda data mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Na si za kupamba rafu: Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data wa Kenya iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Katika maamuzi hayo aina ya kamera haikuwa hoja. Hoja ilikuwa sura ni ya nani. Sudan Kusini ilitoa amri ya muda mwaka 2021 kuhusu makosa ya mtandao, ina sheria ya usalama wa taifa na ina kanuni za vibali vya picha. Sheria kamili ya kumlinda mwenye sura imechelewa.

Gumbo ina sababu za pekee za kuihitaji. Vita vilipozuka Juba Desemba 2013, na tena Julai 2016, maelfu ya watu walivuka mto na kukimbilia kwa Wasalesiani wa Don Bosco, ambao hapo Gumbo wana parokia, shule, mafunzo ya ufundi na zahanati. Pakawa kambi ya wakimbizi wa ndani, wengi wao akina mama na watoto. Mtu aliyekimbia kwa sababu ya kabila lake au jina la mumewe ana haki ya kutaka asijulikane alipo. Kwa mgeni aliyeinua simu angegeuka, angevuta kitenge, angemwita mlezi wa kambi. Kwa mgeni aliyevaa miwani angeendelea kuchota maji.

Januari 2025 ilionyesha kile ambacho picha inaweza kufanya ikishaachiwa. Video za mauaji ya Wasudan Kusini huko Wad Madani, nchini Sudan, zilizagaa kwenye simu za Juba. Maduka ya wafanyabiashara wa Kisudani yakavamiwa, watu wakauawa, serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Tarehe 22 mamlaka ya mawasiliano iliagiza kampuni za intaneti kufunga mitandao ya kijamii, kisha ikaifungua siku chache baadaye. Hata hivyo bila video hizo familia za waliouawa zisingekuwa na ushahidi wa kuwaonyesha wenye mamlaka. Kamera ile ile ilikuwa shahidi na kiberiti.

Wapo pia ambao miwani hii ingewafaa kuliko mtu mwingine yeyote. Sudan Kusini ni kati ya nchi zenye mzigo mkubwa wa trakoma na upofu wa mto, ugonjwa unaoletwa na usubi wa maeneo yenye maji yaendayo kasi. Kituo cha macho cha Buluk, ng'ambo ya pili mjini Juba, hupokea wagonjwa kutoka pande zote. Tangu mwaka 2024 miwani ya Meta imeunganishwa na huduma ya Be My Eyes, ambapo asiyeona humwita mtu wa kujitolea popote duniani, naye akaona kupitia kamera na kumsomea lebo ya dawa au namba ya gari. Kwa mtumiaji huyo mikono huru si anasa, kwa kuwa mmoja umeshika fimbo na mwingine umeshika bega la mtoto anayemwongoza. Hakuna sheria nzuri ya miwani ambayo itaandikwa bila kumkumbuka.

Tukirudi mtoni, mwezi Mei 2022 lilifunguliwa daraja la pili, Daraja la Uhuru, lenye urefu wa mita 560, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Malori ya Nimule yana njia mbili sasa. Ombi la kushusha simu linahusu madaraja yote mawili.

Picha za Buchta zipo hadi leo. Nakala zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, na nyingi zimewekwa mtandaoni, hivyo kijana wa Gumbo mwenye bando la intaneti anaweza kuwatazama Wabari wa mwaka 1878 akiwa amekaa juu ya bodaboda akisubiri abiria. Chini ya picha ataona jina la mpigaji, mwaka, na kabila. Majina ya waliopigwa, kwa sehemu kubwa, hayapo.